Chachu ya Dhahabu

Dkt. Mbuke Lushinge alipofungua bomba la chini la tangi lake asubuhi ile, maji yalitoka meusi, yakageuka kijani, kisha ukafuata utope mzito kama uji wa ulezi. Ndani ya utope kulikuwa na kitu kinachometameta. Mbuke aliinama, akachota kwa kiganja, akausuuza ule utope polepole kama alivyofundishwa tangu utotoni, hadi zikabaki punje za njano, nzito, zilizoshikana kama mayai ya samaki.

"Mama," aliita. "Njoo uone."

Mama yake, Holo, alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya banda, mikono ameificha chini ya kanga. Maisha yake yote mama huyu alikuwa ameosha marudio. Marudio ni ule udongo ambao wenye mashine kubwa wamekwisha kuusaga na kuuchuja, wakautupa. Maskini wa Mwanzuki waliuokota na kuutafutia dhahabu iliyobaki. Waliuchanganya na zebaki kwa mikono mitupu, kisha wakaichoma ile zebaki kwenye karai juu ya mkaa, na moshi wake wakauvuta. Dhahabu ilimsomeshea Holo binti yake mpaka chuo kikuu. Zebaki ilimwachia mikono isiyotulia.

Alikuja, akainamia kiganja cha mwanawe.

"Umeitoa kwenye udongo gani?"

"Kile kilima cha nyuma."

"Nilichokiosha mimi mara mbili?"

"Hicho hicho."

Holo akacheka kidogo. "Basi nilikuwa naacha nyingi." Kisha akanusa hewa, akakunja uso. "Umechomea wapi? Sisikii harufu."

"Sikuchoma, mama. Hamna zebaki humu. Hata tone."

Akamweleza, na alimweleza kwa lugha ya mwalo, pale wanapooshea udongo, si ya maabara. Kwenye bwawa la marudio, alisema, kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Dhahabu iliyoyeyuka majini ni sumu kwavyo, kwa hiyo vinaimeza na kuitema ikiwa punje ngumu ili visife. Vimekuwapo tangu zamani, ila ni vivivu, vinangoja dhahabu ivifuate. Yeye alivichagua vile vyenye uchu, akavilea, akavizalisha kizazi juu ya kizazi, mpaka vikajifunza kuitafuta dhahabu ndani ya udongo mkavu. Vilitaka molasi ya miwa na jua, basi. Ukichukua kijiko cha utope huu ukakitia kwenye tangi jingine, baada ya majuma machache nalo linafanya kazi, kama chachu ya mkate.

"Kwa hiyo vile vilima vyote," Holo alisema, akageuka kutazama nje. Marudio yalikuwa yamerundikwa kuuzunguka mji, kilima baada ya kilima, kizazi baada ya kizazi.

"Vyote ni shamba, mama."

Holo akaifunga upya kanga yake kiunoni, akainua shingo, akatoka hadi mlangoni walipokuwa wakipita wanawake wenye makarai. Mbuke aliijua ile shingo. Ndiyo aliyotembea nayo mama yake siku ya mahafali.

"Mama, usiwaambie kwanza."

"Kwa nini nisiwaambie? Mtoto wa mwosha marudio ameifundisha dhahabu kuota."

"Ndiyo hiyo hiyo sababu," Mbuke akasema. "Inaota."

* * *

Ili kuelewa hofu yake yabidi ujue fedha ya Shirikisho la Nyanza ilivyokuwa wakati ule.

Mbuke alipokuwa msichana, serikali ilikuwa ikichapa noti kila ilipokwama, na mfumuko wa bei ukala kila kitu. Mtu alipokea mshahara asubuhi akakimbia nao sokoni, maana jioni haungenunua hata chumvi. Walionusurika ni wale waliokuwa na dhahabu kidogo kwenye kitambaa. Ndipo akateuliwa gavana mpya wa Benki Kuu ya Shirikisho, Atuganile Mwakyoma, naye akaleta Sheria ya Uzani: hakuna noti itakayochapwa bila uzani wake wa dhahabu kuwekwa hazina. Bei zikasimama. Watu waliimba barabarani. Mbuke mwenyewe aliimba, akiwa na sare ya shule.

Lakini watu waliongezeka, mashamba yakaongezeka, viwanda vikaongezeka, na dhahabu haikuongezeka. Noti zikawa chache kuliko kazi zilizongoja kulipwa. Bei zikaanza kuporomoka. Mwanzoni ilikuwa raha. Baadaye mtu aliyetaka baiskeli akasubiri juma lijalo ili aipate rahisi zaidi, na juma lijalo akasubiri tena, mpaka mwenye duka la baiskeli akafunga na kuwaachisha kazi mafundi wake. Nyanya zilioza sokoni huku wenye njaa wakizitazama. Kitu kimoja tu hakikushuka bei, nacho ni dhahabu, kwa sababu benki yenyewe ilikuwa mnunuzi asiyeshiba. Hivyo kila aliyekuwa na akiba aliigeuza dhahabu, akaizika. Holo naye alikuwa nayo yake, ya kutibia mikono.

Mbuke alikuwa ameshika kiganjani kitu ambacho kingeweza kuifungua nchi au kuipasua. Na sheria ilimtaka mtu yeyote mwenye njia mpya ya kuchenjua dhahabu aitaarifu Benki Kuu kabla ya jirani yake. Alitaarifu. Jibu lilikuja upesi kuliko alivyotegemea: Gavana anataka kumwona.

* * *

Benki Kuu ilijengwa Mwanza katikati ya mawe makubwa ya mlimani, nusu yake ikiwa ndani ya jabali. Gavana Atuganile alikuwa mwanamke mrefu mwenye mvi zilizokatwa fupi. Picha yake ilitundikwa hata kwa vinyozi. Alisimama Mbuke alipoingia, akampa mikono yote miwili.

"Daktari, nimeisoma taarifa yako. Tumezoea kupeleka vijana wetu ng'ambo wakafundishwe kuchenjua dhahabu ya kwao wenyewe. Sasa ng'ambo watakuja Mwanzuki kufundishwa. Nilitaka nikuambie hilo kabla hatujazungumza mambo magumu."

Mbuke alitamani mama yake angesikia.

Gavana akamwongoza kwenye ukumbi wa ndani, palipokuwa na Mizani. Mbuke alikuwa ameisikia mashine hiyo, hakuwahi kuiona. Ilikuwa meza pana kama uwanja wa ngoma, imejaa mchanga mweusi laini wenye chembe za chuma, na chini yake sumaku zisizohesabika. Kila kilichouzwa na kulipiwa kwa simu katika Shirikisho zima, Mizani ilikisikia, na mchanga ukainuka au kushuka kuonyesha bei yake; ukiiuliza, ilikisia hata bei za siku zijazo. Pale palikuwa na kilima cha unga, kile cha mafuta ya kupikia, kile cha nauli, kile cha ujira. Vyote vilikuwa vimebonyea kama godoro kuukuu. Katikati ilisimama dhahabu peke yake, ndefu na nyembamba kama kichuguu.

"Mizani," Gavana alisema, "nionyeshe siku chachu itakapotangazwa."

Kichuguu kikaanguka. Kilianguka chote kwa mara moja, mchanga ukatawanyika, na kabla haujatulia, vilima vya unga na mafuta vikaanza kuumuka, vikapanda bila kukoma mpaka vikafika ukingo wa meza.

"Sheria inataka noti zifuate uzani," Gavana akasema. "Dhahabu ikifurika, noti zitafurika. Waliozika dhahabu watapoteza leo, na walioficha noti watapoteza kesho. Tutarudi kulekule nilikowatoa."

"Mheshimiwa, sheria si inaweza kubadilishwa?"

"Sheria ile ndiyo imani yenyewe, binti yangu. Nikiigusa watasema Atuganile naye ameanza kuchapa. Mizani, nionyeshe chachu ikiwa siri."

Safari hii dhahabu haikutikisika. Vilima vingine viliinuka taratibu kutoka kwenye mabonde yao, vikasimama kwa urefu mmoja, vimetulia. Ulikuwa mchanga tu, lakini Mbuke aliona maduka yakifunguliwa.

"Chachu inakuwa ya benki peke yake," Gavana alieleza. "Dhahabu yako inaingia hazina kidogo kidogo, nami naongeza noti kidogo kidogo. Hakuna anayestuka. Utakuwa Mwanasayansi Mkuu wa Benki, na maabara utakayoitaka."

Mbuke aliitazama meza kwa makini, akazunguka hadi pembeni kabisa. "Na hiki kivimbe kidogo hapa?"

"Ujira wa waosha marudio."

"Hakijasogea."

"Hapana. Wao wataendelea kama walivyo kwa muda, mpaka hazina itoshe."

"Na zebaki."

"Na zebaki," Gavana akasema, na hakuangalia pembeni aliposema.

"Na yule anayenunua dhahabu leo kwa akiba yake yote, akidhani ni adimu?"

"Ananunua kwa bei ya soko."

"Soko lisilojua."

"Daktari, nikishusha riba mwezi ujao nitakuwa nimejua kabla ya soko. Hakuna benki kuu isiyotunza siri. Ukiwaambia watu kila unachokiona, wanakimbia kabla hujakifanya."

"Na ukiulizwa kama kuna chanzo kipya cha dhahabu?"

"Nitasema hakuna."

"Hapo si kutunza siri tena, Mheshimiwa. Ni kusema uongo."

Gavana alisema tangazo la riba lilikuwa Ijumaa, na alitaka Mbuke awe ameketi kando yake, nchi imfahamu. Hakutakiwa kusema lolote. "Fikiri vizuri," aliongeza. "Wajane na wastaafu wameweka jasho lao kwenye dhahabu. Nadhani hata nyumbani kwenu."

Mbuke alishuka mlimani akiwa amechanganyikiwa. Angefarijika kama Gavana angekuwa mtu mbaya.

* * *

Alifika Mwanzuki mchana, akamkuta Holo akichambua maharage kwenye ungo. Maharage mengine yalimponyoka, akayaokota moja moja bila haraka. Mbuke alichuchumaa mbele yake.

"Mama, uza ile dhahabu yako. Kesho, kwa madalali wa Geita. Yote."

"Kwa nini?"

"Uza tu, mama. Nakuomba."

"Mimi ndiye niliyekuzaa," Holo akasema. "Usinizungushe."

Basi akamwambia yote: meza ya mchanga, siri, tangazo. Akamwambia kwamba bado hajaamua, lakini akija kusema ukweli, bei itaanguka vibaya, na fedha ya matibabu itaanguka nayo. Kama dhahabu itakuwa imeuzwa mapema, angalau mikono itapona.

Holo aliuweka ungo chini.

"Nikiuza kesho, atanunua nani?"

"Soko lina watu wengi, mama."

"Nakuuliza nani."

"Sijui. Fundi fulani. Mwalimu aliyestaafu. Labda mama mmoja wa Kahama kama wewe."

"Na keshokutwa yeye ndiye atakayelia badala yangu."

Mbuke aliokota harage lililoanguka, akalirudisha kwenye ungo.

"Sikiliza," Holo akasema. "Wenzangu wengi pale mwaloni walichanganya shaba kidogo kwenye dhahabu, wakamuuzia dalali. Siwalaumu, njaa haina adabu. Mimi sikuchanganya. Mpaka leo nikifika Geita, dalali akisikia ni ya Holo hapimi mara mbili. Hilo ndilo nililo nalo hapa duniani, pamoja na wewe. Unataka niuze shaba uzeeni?"

"Nataka upone."

"Najua." Akamshika shavu kwa ule mkono unaotetemeka. "Nami nakushukuru. Lakini kuna mabinti kule mwaloni sasa hivi, wameingiza mikono kwenye karai. Hao bado hawajaanza kutetemeka."

Mbuke aliinuka, akaenda kusimama nyuma ya banda mpaka macho yalipokauka. Alikuwa na aibu kwa kile alichokuwa amemwomba mama yake, na juu ya aibu hiyo palikuwa na fahari kubwa. Alikuwa amejiona msomi aliyekuja kumwokoa mama wa kijijini. Sasa alijiona mtoto wa mtu fulani, naye alitaka astahili kuitwa hivyo.

Siku zilizobaki kabla ya Ijumaa alizitumia kujaza chachu kwenye chupa, za dawa, za soda, za asali, chochote chenye kifuniko. Alimkabidhi Holo.

"Nikishasema redioni, gawa," alimwambia. "Wape waosha wa machimbo yote, bure. Kabla ya hapo, hata moja isitoke."

"Isitoke hata moja," Holo akaitikia.

* * *

Ijumaa, kabla ya ukumbi kufunguliwa, Mbuke aliomba kumwona Gavana faragha. Walisimama kwenye chumba kidogo chenye dirisha lililotazamana na mawe.

"Nitasema leo, Mheshimiwa. Nimekuja kukuambia wewe kwanza."

Gavana akaelekeza kidole mlangoni. "Naweza kukuzuia. Walinzi wako nyuma ya mlango huo."

"Naelewa. Ndiyo sababu nimekuja kwako, sikwenda kwa waandishi. Sitaki kukuvizia."

"Mama yako amekwisha kuuza?"

"Nilimsihi auze. Alikataa."

"Unasema alijua, na alikataa?"

"Alijua yote. Aliniuliza ni nani atakayenunua."

Gavana aligeukia dirisha. Kisha akasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya kwenye redio, "Wakati wa mfumuko niliona watu wamekanyagana hadi kufa kwenye mlango wa benki. Walikuwa wamedanganywa mara nyingi mno. Nikajiambia, hawa hawatamwamini tena mtu, basi niwape kitu kisichosema. Niliwapa dhahabu. Na mimi nikaacha kuwaamini wao." Akanyoosha mabega. "Nilikuwa nangoja uniombe muda, mama yako auze kwanza. Ningekupa, halafu ningekudharau."

"Karibu nikuombe."

"Karibu si kuomba. Twende. Utaanza wewe. Usipambe maneno."

Ukumbi ulikuwa umejaa waandishi, wafanyabiashara na madalali. Mizani ilikuwa imefunuliwa mbele ya wote kama ilivyo desturi siku za tangazo. Mbuke alisimama mbele ya kipaza sauti, akataja jina lake na la mama yake, akasema anatoka Mwanzuki. Alieleza vijidudu vya bwawani na jinsi alivyovilea. Alisema dhahabu sasa itaota mahali popote penye marudio, jua na molasi, kwamba haihitaji zebaki, na kwamba chachu haitauzwa. Saa hiyo hiyo ilikuwa ikigawiwa bure machimboni.

Hakuwa amemaliza, kichuguu kikaanza kumomonyoka.

Kilianzia kileleni. Kila sentensi yake ilifika Geita, Kahama, na masoko ya mbali ambayo hakuyajua majina, na kila mahali mtu alikuwa akiuza. Ukumbi ulisikiliza mchanga ukiteremka. Mzee mmoja dalali akavua kofia yake, akaishika kifuani kama mtu aliye msibani. Mwingine akasimama.

"Mmetumaliza," alisema. "Dada, umetumaliza."

"Ndiyo, kaka, umepoteza," Mbuke akamjibu. "Hata kwetu tumepoteza. Ila tumepoteza kwa siku moja, wote, na hakuna aliyeuziwa kwa siri."

Yule mtu hakuketi. Na sasa vilima vya unga na mafuta vilianza kuumuka, polepole, kisha kwa kasi, kwa maana kila mtu alikuwa amekumbuka Sheria ya Uzani, na kila mtu alijua noti nyingi zinaleta nini. Mlangoni watu walianza kusukumana.

Gavana Atuganile akachukua kipaza sauti.

"Kaeni," alisema, nao wakakaa, kwa sababu alikuwa yeye. "Kuanzia sasa Benki Kuu haitachapa noti kwa uzani wa dhahabu. Itachapa kwa kupima kikapu cha sokoni: unga, maharage, mafuta, nauli, kodi ya chumba. Kikapu kikipanda bei, nitapandisha riba na kupunguza noti. Kikishuka, nitashusha riba na kuziongeza. Kila mwezi nitasimama hapa niwaeleze nimeona nini na nimefanya nini, na meza hii itapelekwa sokoni muitazame wenyewe. Dhahabu itakuwa bidhaa kama bidhaa nyingine. Sina ruhusa ya Baraza la kutunga sheria kuyafanya haya. Nitakwenda kuwaeleza, nao watanihukumu. Lakini kwanza nimewaeleza ninyi."

Mbuke alikuwa akiangalia mchanga. Njia hii Gavana hakuwahi kuiuliza Mizani; hakuna aliyejua ingeonyesha nini. Kilima cha unga kilipanda kidogo tena. Kikapunguza mwendo, kikasita. Kisha chembe chache zikateleza kutoka juu, na kikasimama. Cha mafuta kikafuata, halafu cha nauli. Nchi nzima, mtu mmoja mmoja akiwa na simu mkononi, ilikuwa imeahirisha kukimbia.

Dhahabu ilibaki chini, kilima kati ya vilima.

* * *

Siwezi kusema kila mtu alifurahi. Madalali wengi walifunga ofisi. Kuna waliomlaani Mbuke hadharani. Mwalimu mmoja mstaafu alisafiri kutoka mbali ili tu aione sura ya mtu aliyemwangamizia akiba. Mbuke alimkaribisha chai, akamwonyesha tangi, akasikiliza kila alichokuja kusema. Mwalimu aliondoka bila kumsamehe, na Mbuke hakumwomba amsamehe. Holo hakutibiwa mwaka ule. Dhahabu yake ilinunua cherehani mbili, akawapa wapwa zake, na mtu akimwonea huruma alibadilisha mazungumzo.

Ila mvua zilipoanza, fedha ilikuwa imeanza kutembea tena. Aliyetaka kitu alikinunua leo, kwa kuwa kesho hakingekuwa rahisi wala ghali kupita kiasi. Bei zilipanda kwa mwendo wa kinyonga, na wenye maduka wakawarudisha mafundi. Machimboni, chupa za Holo zilizaa chupa nyingine. Dhahabu haikuwa tena ya kumtajirisha mtu kwa usiku mmoja, lakini iliwalipa waosha ujira wa haki, na mafundi wa vifaa vya umeme walikuja kuinunua kwa oda kubwa kubwa, kwa sababu sasa waliweza kuimudu. Wataalamu wa ng'ambo walipanga foleni Mwanzuki kufundishwa na wanawake ambao zamani wangepita bila kuwasalimu. Wanawake wale waliwafundisha kwa Kiswahili, na aliyetaka mkalimani alimleta wake.

Baraza lilimwondoa Gavana Atuganile kwa kuvunja sheria. Baada ya kumwondoa likakipigia kura kikapu chake, likakifanya kuwa sheria.

Alikuja Mwanzuki siku waosha walipokuwa wakifungua bwawa kubwa la kwanza la chachu la umoja wao. Alikuja kwa gari la kukodi, hana mlinzi, na kwa mara ya kwanza Mbuke alimwona akiwa hajui asimame wapi. Watu walimtambua. Minong'ono ikapita. Mama mmoja alisema, bila kujificha sana, kwamba huyu ndiye aliyetaka wao waendelee kuvuta moshi.

Ilikuwa kweli, na Gavana wa zamani hakuikana. "Ndiyo, nilitaka hivyo," alisema. "Nimekuja kuwasalimu."

Holo akajitoa kwenye kundi, akaenda hadi alipo, akasimama kando yake, akawageukia wenzake.

"Mwanangu alisema ukweli, na mnamsifu, nami najivuna naye, mnanijua," alisema. "Lakini Mbuke hakuwa na kiti cha kupoteza. Huyu alikuwa nacho, na mlango ulikuwa na walinzi wake. Angeweza kumfunga mwanangu mdomo. Akampa kipaza sauti, kisha akakishika yeye. Mimi nampokea. Asiyetaka kumpokea aseme sasa, asije akanung'unika nyuma ya kilima."

Kisha yule mama aliyenung'unika ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, kifupi, kama mtu anayejaribu mlango, na wengine wakakidaka, kikazunguka bwawa lote.

Atuganile Mwakyoma, aliyekuwa ametazama nchi ikipanda na kushuka mezani pake kwa miaka mingi, alifuta macho kwa upande wa kiganja.

"Mniambie nifanye nini," alisema.

"Bwawa linafunguliwa kwa miguu," Holo akamwambia. "Tunaukanyaga utope hadi uanze kuteremka bombani na dhahabu yake. Vua viatu."

Akavua viatu, akakunja gauni lake, akaingia.